Paka wa Mama Alipokimbia Migomba

Sikulazimishi uniamini. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, kwetu Kirushya, na kaka yangu Deo yupo, nenda kamuulize.

Mama alikuwa na paka dume aliyemwita Mjomba, kwa sababu anafika chakula kikiiva na habari za kazi haulizi. Miaka yote Mjomba alijisaidia migombani, nyuma ya nyumba, akafukia kama mtu mwenye adabu zake. Mama alipofariki tukamzika hapo hapo migombani. Tangu siku hiyo paka hakukanyaga kule. Akaanza kukojoa ndani: kwenye mkeka, kwenye kapu la maharage, hata kwenye viatu vya Deo vya kanisani. Sasa niambie, paka gani anaacha udongo laini uliochimbuliwa juzi, akakojolee viatu?

Bwana mifugo alimpapasa tumbo, akasema njia ya mkojo haijaziba, paka mzima. Akatuambia tuangalie ni nini kimebadilika nyumbani. Deo akasema kilichobadilika ni kwamba paka amerogwa, na majirani wakamuunga mkono. Nilikuwa nimetoka kwa mume wangu Biharamulo kuja msibani, na nilishindwa kuondoka. Kila jioni Mjomba alikaa mlangoni akimsubiri mama, nami nikakaa naye. Nilimkumbuka mama mpaka kifua kikawa kinauma. Paka angefukuzwa, ningemsubiri mama na nani?

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito. Nikatoka kukata majani ya migomba, nikamwona Mjomba ameketi kwa mbali, mkia umetulia, anatazama kaburini. Nikatazama na mimi. Haki ya Mungu, mama alikuwa amekaa chini kando ya kaburi lake, miguu ameinyoosha, anamenya ndizi, amejifunga kitenge kile kile tulichomzika nacho.

Mdomo ukafuata mazoea. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti yake ile ya asubuhi, yenye mkwaruzo. "Mjomba hana kosa. Mimi ndiye niliyemkataza kuchafua hapa. Mtafutieni pengine, na Deo aache hilo gunia."

Gunia gani? Sikujua habari za gunia. Nikapiga hatua kumwendea, ukungu ukasogea, nikaona udongo mtupu.

Gunia nililikuta uvunguni kwa Deo, na kamba juu yake; alikuwa amepanga kumtupa Mjomba porini siku ya gulio. Nilipomweleza, alikaa kitandani akalia. Siku ile ile tukachimba nyuma ya jiko, tukachanganya udongo na majivu, na paka akaenda huko bila shida. Mimi kila asubuhi nikawa natoka na shikamoo yangu mdomoni. Mama sikumwona tena, lakini Mjomba alikuwa bado analikwepa kaburi, na hilo lilinitosha. Nilijua mama bado yupo.

Wiki iliyopita Deo akaniita nikaone, huku anacheka. Mjomba alikuwa migombani, kando kabisa ya kaburi, anachimba. Akajisaidia, akafukia, akaenda zake. Deo akasema afadhali, amepona. Mimi nilikaa pale chini nikalia kuliko siku ya mazishi, maana hakuwepo tena wa kumkataza.

Kwa hiyo sikia, wewe unayefuga. Paka wako akibadili choo ghafla, usikimbilie fimbo. Mpeleke kwa bwana mifugo, kisha katazame mahali alipopakimbia. Ukimkuta mtu wako hapo, mwamkie upesi, maana siku paka akirudi, wewe umeshachelewa.