Jibu Nililompa Bi Mwenye Nyumba

Nilipohamishiwa skuli moja ya Makunduchi kufundisha hesabu, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mkulima wa mwani. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa bara, na mwaka mzima nilijitahidi nisimkwaze mtu. Ramadhani ilipofika nilikula chumbani, mlango nimeufunga. Hata hivyo kila magharibi Bi alinigongea na kunipa bakuli la uji, kana kwamba na mimi nimeshinda na saumu.

Alasiri moja katika mwezi huo alikuja mdogo wake kutoka mjini. Tulikaa ukumbini watatu, tunachambua mchele. Yule mgeni akaniuliza, kwa wema kabisa, naionaje dini yao. Nikajibu haraka, "Dini zote sawa tu. Kinachotofautiana ni majina."

Mgeni alifurahi. Bi alichukua ungo wake akaenda jikoni.

Siku tatu zilizofuata uji ulikuja, maneno hayakuja. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na kupita. Nilidhani amechukia Mkristo kujilinganisha naye, nikaanza hata kuulizia chumba kwengine.

Siku ya nne nilimkuta uani, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba ya kupandia. Nikachuchumaa karibu yake.

"Bi, kama nimekuudhi, nisamehe."

"Umeniudhi," alisema bila ya kuinua macho. "Tangu mdogo nnaswali. Nimezika mume na watoto wawili, imani hii ndiyo iliyonishika. Leo unanambia ni majina tu?"

Nilishikwa na haya.

"Na wewe mwenyewe huamini hivyo," akaendelea. "Nnakusikia asubuhi unavyosali. Mtu haombi vile kama anaona yote sawa. Nambie kweli, unaamini nini?"

Tangu nifike kisiwani sikuwahi kuitamka imani yangu mbele ya Muislamu.

"Naamini Yesu ni Mwana wa Mungu. Alikufa, akafufuka, na ndiye njia ya pekee ya kufika kwa Mungu. Si kwangu tu, kwa watu wote."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako, Bi. Hukumu ni ya Mungu, siwezi kumsemea. Lakini njia nyengine siijui."

Alifunga kipande kimoja, akafunga cha pili.

"Mimi naamini umepotea," alisema taratibu. "Mungu hana mwana. Kila nikiswali nnakuombea uongoke."

"Na mimi nakuombea, Bi."

"Basi tuombeane." Akanisogezea kikapu cha mwani. "Kaza fundo, maji yasije yakauchukua."

Nilicheka, na machozi yakanitoka. Nilijihisi mwepesi kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Mwaka mzima nilidhani namheshimu kwa kuficha ninachoamini, na kumbe yeye alikuwa anasubiri nimwambie.

Hatukukubaliana siku ile, wala hatujakubaliana hadi leo. Chumba sikukihama. Jumapili iliyofuata nilipitiwa na usingizi, nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu.

"Mwalimu," aliniita.

"Naam, Bi."

"Gari la mjini linaondoka. Utachelewa kanisani."