Chupa ya Wenyewe

Binamu yangu aliolewa katika familia yenye gereji iliyojaa chupa za maziwa, na kwa muda mrefu nilishindwa kumsamehe. Kwa hesabu ya nyumbani yeye ni dada yangu, maana mama zetu ni wa tumbo moja. Lakini tangu siku aliponionyesha ile gereji nilianza kumwita binamu, na sababu ilikuwa wivu tu.

Mume sikumwonea wivu. Ni mpole, anaendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala moja kule Smithfield, kitongoji cha jiji hili la ugenini tunakoishi, na hucheka kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi. Nyumba yao pia sikuitaka. Nilichotaka kilikuwa kwenye gereji ya mama mkwe wa binamu.

Babu wa huyo mume alianza kuuza maziwa si mbali na Parramatta, wakati ambapo mtu bado aliweza kufuga ng'ombe nyuma ya nyumba huku majirani wakianika nguo upande wa pili wa ua. Mwanzoni alipeleka maziwa kwa mkokoteni na farasi. Wanawe walipokua wakanunua lori. Wake za wanawe waliosha chupa na kuzijaza, na watoto walizifunika kabla ya kwenda shule. Kisha supamaketi zikaleta maziwa kwenye plastiki, na kiwanda chao kidogo kikafungwa bila kelele. Lakini hawakutupa kitu. Chupa za kwanza, ambazo jina la ukoo limechomoza kwenye kioo chenyewe, zilikuwepo. Zilizofuata, ambazo jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, zilikuwepo pia. Kulikuwa na vifuniko vya foili ambavyo havikuwahi kutumika, kreti za mbao, kengele ya farasi, na bango la bati linalowaomba wateja wasuuze chupa kabla ya kuzirudisha.

Mimi niliyajua haya yote kuliko binamu, na hakuna aliyenifundisha. Kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki. Jioni nilisoma chochote nilichokipata kuhusu chupa za zamani, hadi nikaweza kukisia umri wa chupa kwa kupapasa mshono wa kioo ubavuni mwake. Nilikuwa na zangu chache, nilizozitafuta kwenye masoko ya Jumapili, nikazipanga rafuni chumbani kwangu Cabramatta. Nilizipanga kwa urefu, maandishi yakitazama mbele, na kati ya chupa na chupa nilipima nafasi kwa kiberiti. Mwenzangu wa nyumba alipopangusa vumbi siku moja kwa nia njema, nilimshukuru, nikafunga mlango, nikaanza kupima upya.

Wivu wangu una mizizi, na ni afadhali niuseme. Nyanya yetu alikuwa na kibanda cha maziwa mjini Nakuru. Yeye alichemsha, mama yangu alipima, mama yake binamu alipeleka hotelini. Hiyo nayo ilikuwa biashara ya ukoo, ya mjini, ya kuamka kabla ya watu. Wajukuu wote tulilelewa kwa maziwa yale, lakini nani aliandika jina letu popote? Tulikuwa na madumu ya plastiki na sufuria. Kitu kimoja tu nilichokikumbuka vizuri ni kikombe cha kupimia, cha alumini, mkono umepinda. Nilimpigia mama kumuuliza kiko wapi.

"Kikombe?" akasema. "Si kilitoboka. Tukawa tunawekea misumari."

"Na misumari iko wapi?"

"Wewe unaumwa?"

Basi mjukuu mmoja wa nyanya alibaki bila hata kikombe kilichotoboka, na mwingine, mjukuu wa nyanya huyo huyo, akapewa kiwanda kizima pamoja na mume.

Na hakukijali. Siku moja nilimkuta jikoni kwake akikata vitunguu vya majani vilivyokuwa vikiota dirishani ndani ya chupa ya painti, ile ya zaidi kidogo ya nusu lita. Ilikuwa mojawapo ya zile za maandishi mekundu, yenye jina la ukoo na mchoro wa msichana aliyebeba ndoo. Sikuwahi kuiona nyingine kama hiyo, gerejini wala sokoni.

"Umeweka vitunguu," nikasema.

"Vimenoga, sivyo? Nikufungie?"

"Umeweka vitunguu kwenye hiyo."

"Haya, Profesa, kalia kiti kwanza usianguke." Alicheka, akaendelea kukata. "Ni chupa, siz. Ina mdomo, ina tumbo, inashika maji."

Ndipo akaniambia kwamba mama mkwe anahamia kwenye nyumba ndogo. Vitu vya gerejini vitaenda kwenye chumba cha historia cha mtaa wao. Hii ya msichana na ndoo peke yake mama mkwe hakuiweka kwenye boksi. Alisema ataamua baadaye nani aipate.

Tangu hapo sikulala vizuri. Niliitaka ile chupa kuliko nilivyowahi kutaka cheo au mchumba. Nilijiambia kwamba mimi ndiye ninayestahili kwa sababu nimesoma. Nilijiambia pia kwamba binamu ataivunja. Niliomba niazimwe niipige picha, na mama mkwe, mwanamke mrefu wa maneno machache, akakubali kwa kutikisa kichwa. Binamu alimwaga vitunguu, akanikabidhi ikiwa bado na harufu.

Niliiosha kwa maji ya vuguvugu na brashi laini. Niliipiga picha juu ya kitambaa cheupe, nikazifuta picha zote, nikapiga tena. Usiku nilifanya mazoezi ya kuiomba, kwa Kiingereza, mbele ya kioo, mpaka kila neno likakaa mahali pake. Nilinunua karatasi laini ya kuifungia. Niliazimia kumrudishia mama mkwe ikiwa safi kuliko ilivyotoka kiwandani, ili aone tofauti kati yangu na mtu wa vitunguu.

Asubuhi ya kuirudisha, mama alipiga simu. Nilimweleza ninakokwenda.

"Unampelekea nini?"

"Namrudishia chombo chake."

"Kikiwa na nini?"

Nikaitazama chupa ndani ya karatasi yake laini.

"Mama wa watu amekuazima chombo, na chombo chenyewe cha maziwa," akasema, "halafu unamrudishia kikavu? Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Ningeweza kumwambia kwamba wakusanyaji hawatii kitu ndani ya chupa za zamani. Sikumwambia. Nilifungua friji, na mle mlikuwa na maziwa lala niliyoyagandisha mwenyewe, kama nyanya alivyofanya: unachemsha, unapoza, unatia kijiko cha yale ya jana, unafunika na kuyaacha yalale. Mikono yangu iliyamimina kabla kichwa hakijakubali. Nikafunika kwa foili na kwenda na basi nikiwa nimeipakata kama mtoto.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni ya binamu. Niliiweka chupa mbele yake. Aliitazama. Aliinua foili, akanusa, na uso wake ukabadilika kuwa uso wa kazi.

"Yameganda," akasema.

"Ndiyo, mama. Ndivyo yanavyotakiwa."

"Kwetu sisi," alisema polepole, "chupa ikirudi na maziwa ndani, maana yake ilikuwa moja. Mteja amelalamika. Na ikirudi na maziwa yaliyoganda, mume wangu alivaa koti, akaenda kuomba msamaha mlangoni."

Nilitamani sakafu inimeze. Maneno yangu ya mbele ya kioo yalipotea yote. Binamu aliangua kicheko hadi akashika sinki.

"Mama, hajalalamika," akasema alipopata pumzi. "Kwetu ukiazimwa chombo hurudishi kitupu. Unatia chochote ulicho nacho. Na hayo ni maziwa ya nyanya yetu. Alikuwa na kibanda chake mjini, alichemsha maziwa kabla jua halijatoka, na mama yangu akipeleka hotelini kwa miguu, dumu mkononi."

Mama mkwe alimgeukia. "Hukuwahi kuniambia kwamba familia yenu iliuza maziwa."

"Hukuuliza. Na wewe una chupa. Mimi ningekuonyesha nini?"

Hapo moyo wangu ulichemka kweli. Ile ilikuwa hadithi yangu. Mimi ndiye niliyeibeba kwa miaka, niliyetafuta kikombe, na yeye aliitoa kwa dakika moja, huku akifuta machozi ya kicheko, na mama mkwe akampigapiga mkono kwa upendo. Halafu likaniingia jambo baya zaidi. Binamu hakuwa na kitu cha kuonyesha kama mimi nisivyokuwa nacho. Ila yeye hakuliona kuwa aibu. Hata hilo nilimwonea wivu.

Mama mkwe alimimina maziwa kwenye glasi. Alionja, akakunja uso. Akaonja tena. Aliomba sukari, akanywa yaliyobaki bila kusema ni matamu wala si matamu. Kisha alisimama, akaiosha chupa kwa mizunguko mitatu ya haraka, kama mtu aliyeosha maelfu. Kioo kiligonga bomba na mimi nikashika kifua.

"Sasa niko na deni la chombo," akasema. "Nikimrudishia, inabidi iwe na kitu?"

"Inabidi," binamu akajibu.

"Mama, chupa ni yako," nikasema, na nilikuwa naongopa kwa adabu.

"Ilikuwa inatoka na kurudi, hiyo ndiyo kazi yake. Ikikaa kwenye rafu ya mtu, kwetu ilikuwa hasara." Aliijaza maji ya limau ya mti wake, yaliyokuwa kwenye jagi, akanipa. "Ukimaliza, irudishe. Mimi sitaamua nani aipate. Itembee."

Kwa hiyo iko kwangu. Maji ya limau yaliisha zamani. Niliiweka katikati ya rafu, nikasogeza nyingine zote na kupima upya kwa kiberiti, na ilipendeza kiasi cha kunitia woga. Kisha nikaanza kugandisha maziwa ya kuirudisha nayo. Ya kwanza yalikuwa mepesi, nikayamwaga. Ya pili yalikuwa na mabonge. Mengine yalikuwa makali mno. Niliwaambia watu kwamba siwezi kumpelekea mama mkwe wa binamu kitu kibovu, nao wakanisifu kwa uangalifu wangu. Mimi nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mabonge, maana kila sufuria niliyomwaga iliniongezea siku na chupa ya wenyewe.

Leo binamu ameniachia ujumbe wa sauti. "Profesa, habari ya kupotea. Mama anauliza kama mteja amehama." Nyuma yake nilisikia sauti nyingine ikicheka, ya chini, ya uzee, na nikaelewa kwamba wawili hao walikuwa wamekaa jikoni pamoja wakinisubiri, na kwamba mzaha ule ni wa mama mkwe, umepita kinywani mwa binamu. Wana mizaha yao sasa. Hilo nalo limenichoma.

Nimeingia jikoni. Maziwa ya jana yameganda, yana bonge moja kubwa juu na harufu yake si kali sana. Nyanya angeyakoroga kwa kijiko na kuyauza. Nimeyakoroga na kuyamimina jinsi yalivyo. Bonge lilikwama kwenye shingo ya chupa, nikalisukuma kwa mpini wa kijiko, nikafunika kwa foili.

Basi linapita baada ya muda mfupi. Rafuni kumebaki pengo la upana wa painti moja, na sikuzisogeza nyingine kuliziba. Nataka kila atakayeingia chumbani kwangu aulize ni nini kilikuwa kimekaa pale.