Kitufe cha Kelele za Ndege

Hapa kwetu Kilwa, nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya kiwanja kidogo cha ndege. Ndege zenyewe hazina siku. Leo ya wageni, kesho ya watu wa gesi, kisha wiki nzima kimya. Ikija inapita juu ya bati mpaka vyombo vinagongana.

Mimi hainishtui. Pazi, mlinzi wa kiwanja, akiambiwa ndege inakuja, kwanza anafukuza mbuzi wanaokula majani mle. Wanakatiza kwenye mihogo yangu. Nikiwaona nakaa kukuna nazi, na ya pili haiishi kabla ndege haijafika. Miaka kumi na minane sijakosea.

Kwa ajili hiyo nilikuwa na watu. Jirani yangu Mwanasha alileta mapacha wake kila asubuhi, akawalaza mkekani barazani kwangu. Mbuzi wakipita, tunawaziba watoto masikio. Iddi fundi saa naye alikuja na kisahani cha skurubu zake, maana mkono wake ukishtuka, kazi imeharibika. Tulikuwa tunawasema watu mpaka adhuhuri. Mume wangu amekufa. Watoto ninao wanne, wote wana simu.

Ndipo akaja Sauda, binti wa Bashiru, aliyesomea kompyuta Dar. Anatengeneza programu ya simu ya kuwaonya watu kabla ya kelele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda."

"Ratiba za ndege nimezijaribu, zinanidanganya. Ukiona mbuzi, wewe bonyeza hiki kitufe. Simu za mtaa mzima zitalia."

"Mpe Pazi."

"Pazi akiwa kazini haruhusiwi kushika simu."

"Basi wape mbuzi."

Akacheka, lakini mimi sikucheka. Kisomo changu ni cha watu wazima, herufi naziandika mojamoja, ila mimi si mjinga. Kila mtu akipata habari kwake, kwangu atafuata nini? Anayetaka kujua aje akae. Nikamrudishia simu yake.

Haukupita mwezi, nikasikia Anjelina kaungua. Huyu ni mama aliyepooza, anakaa ng'ambo ya kiwanja na mkwewe Grace. Nikaenda kumpa pole. Kifua chote malengelenge.

"Nilikuwa namlisha uji," Grace akasema. "Ndege ikapita, akashtuka, bakuli likammwagikia."

Na mimi, kwa kiburi changu, nikamwambia, "Ungekuja kwangu ungejua."

Akaniangalia. "Mama, nikija kukaa kwako, huyu nimwache na nani?"

Nilirudi nimezunguka kiwanja chote. Sikuingia kwangu, nikapitiliza kwa Bashiru.

"Sauda, lete hiyo simu. Na usinieleze mara mbili, mimi si mtoto."

"Sijasema kitu, bibi."

"Ulitaka kusema."

Siku mbili alikaa nami na saa mkononi akipima muda ninaokuna nazi zangu mbili. Dakika kumi na moja. Akauliza mlio uweje, nikamwambia mfupi, watu si viziwi. Akauliza tena kama onyo liandikwe, nikamwambia liseme, kwani wa kusoma ni wangapi? Alinisikiliza. Zile siku mbili zilikuwa nzuri. Kisha akarudi Dar.

Huu sasa ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Iddi anafanyia kazi dukani kwake. Mwanasha anawalaza mapacha kwake, kitandani, kama inavyotakiwa. Akipita njiani ananisalimu vizuri tu, hana kosa.

Jumanne mbuzi walipita. Nikashika simu, kidole nikakizuia. Nisipobonyeza leo tu, nikawaza, kesho Mwanasha na Iddi watarudi barazani. Wale mbuzi nikawahesabu mpaka wa mwisho, saba, na mwenye mguu mbovu nyuma. Akilini nikamwona Grace na kijiko mkononi. Nikabonyeza.

Simu ya Mwanasha ikalia upande wa pili wa ua. Dirisha lake likafungwa. Ndege ikaja, ikapita, mapacha hawakulia. Hakuniita. Na mimi sikumwita.