Kanga Nyekundu ya Mwanawetu

Saa nne asubuhi, mvua imepumzika kidogo, na Mwanawetu Sadallah anapandisha kanga nyekundu juu ya mlingoti nyuma ya zahanati. Anavuta kamba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika kikombe, maana chai ya tangawizi haimwagwi kwa sababu ya umeme.

Umeme umekatika. Siku tatu za masika paneli ishirini za jua zimelala chini ya mawingu, na betri zimelegea kama bwana harusi aliyemaliza fungate.

Hapa ni Nyamwimbi, kitongoji cha delta ya Rufiji, mwendo wa saa moja kwa boti kutoka Kiongoroni. Nguzo za umeme wa taifa hazijafika, na mikoko haina haraka ya kuzipisha. Umeme wa jua uliofungwa mwaka 1997 hugawiwa zahanati, pampu ya kisima na nyumba kumi na nne. Mwanawetu, mjane wa miaka 52, ndiye mwangalizi wake.

"Shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi," anasema. "Lawama napewa bure."

Leo kazi hiyo imo hatarini. Haidari, mnunuzi wa kamba wa baharini kutoka upande wa Kibiti, alileta friza kubwa wiki iliyopita, na tangu hapo umeme umeanguka mara tatu. Mwenyekiti wa kamati ya umeme, Mzee Bwanaheri, ametamka: umeme usiporudi kabla ya adhuhuri, jokofu la chanjo litaharibu dawa, na kesho ataagizwa fundi wa Dar es Salaam achukue nafasi ya Mwanawetu. Zama hizi za kubinafsisha, hata mama mtu mzima anaweza kutafutiwa mwekezaji.

"Bi Mwanawetu, si uwashe tu?" Mzee Bwanaheri anauliza, saa yake mkononi.

"Nikiwasha tu, Mzee, utazimika tu."

Anaonyesha inveta, sanduku la kijivu linalougeuza umeme wa betri ufae majumbani. Sanduku hilo haliogopi taa. Linaogopa mota, za jokofu, za pampu, za friza.

"Mota ni mgeni mwenye njaa," anaeleza. "Akifika hupiga matonge sita kwa mkupuo, ndipo anakumbuka adabu, anadonoa. Sasa wageni watatu wakinawa pamoja, sinia jeupe! Inveta ikiona hivyo inafunga mlango."

Ugonjwa huo ulianzia kwenye mazoea ya watu wa Nyamwimbi wenyewe. Umeme ukikatika, watu waliwasha kila swichi, redio na feni na taa, wapate kujua ukirudi. Nao ukirudi ulikuta vinywa vyote viko wazi, ukaanguka tena. Fundi Miraji, aliyefunga umeme huo, alikaa wiki sita, akala samaki wa Mwanawetu, akamfundisha kusoma mshale wa mita. Aliondoka kabla ugonjwa haujajitokeza.

Dawa Mwanawetu aliitoa mtumbwini. Miaka kumi na tisa alikata boriti za mikoko na marehemu mumewe, Khamisi. "Mtumbwi mmoja ulibeba boriti mia, hauzami. Siku watu wanne waliporukia pamoja, tuliogelea."

Ndipo zikaja kanga mbili. Nyekundu ikipanda, kila mtu azime vyote. Nyeupe ikipanda, umeme umerudi na umetulia. Hakuna tena sababu ya kuacha swichi ikilinda mlango.

Leo nyumba zote zimetii, isipokuwa moja. Muuguzi Zamda anarudi mbio kutoka gengeni.

"Mama, Haidari kakalia friza. Anasema kamba wake hawajui rangi."

Mwanawetu anashuka mwenyewe, kikombe mkononi. "Hodi, mtani."

"Mama, humu mna kilo arobaini. Zikioza utakula wewe?"

"Nitakula, na wewe utalala nazo chumba kimoja. Nikiwasha na hili dude limo, jokofu, pampu na wewe mtarukia mtumbwini pamoja. Tutazama, na kamba wako watarudi kwao bila nauli."

Wanawake wanaochambua kamba wanacheka. Haidari naye anajizuia, anashindwa.

"Basi nizime mpaka lini?"

"Chanjo kwanza. Tusome sura ya Kul-huwallahu mara ishirini, mshale utulie. Kisha pampu, tusome tena. Halafu wewe. Na usisome kwa pupa kama unakimbilia basi la Ikwiriri."

Haidari anashuka, anachomoa waya kwa mkono wake.

Saa tano, jua linachungulia. Mwanawetu anainua swichi kuu. Jokofu la chanjo linanguruma. Mshale unainama, unatetemeka, unapanda. Midomo yake inacheza taratibu. Anaruhusu pampu. Midomo inacheza tena. Kisha Zamda anapiga kelele kuelekea gengeni: "Haidari, zamu yako!"

Mshale unaanguka kwa kishindo. Inveta inaguna. Mzee Bwanaheri anasahau kutazama saa. Mwanawetu anakunywa chai iliyokwisha kupoa.

Mshale unapanda.

Kanga nyeupe inapaa, na kitongoji kizima kinapata redio mara moja. Chanjo za watoto thelathini na wanane wa kliniki ya Jumatatu ziko salama. Haidari amekubali friza yake ile umeme mchana tu, jua likiwapo.

"Na fundi wa Dar nimwambie nini?" anauliza Mzee Bwanaheri.

"Mwambie aje tu, Mzee. Ila aje anajua kusubiri."

Mwanawetu anamfundisha Zamda kuusoma mshale, ili yeye akifa asizikwe na ujuzi wake. Mwenyewe anajiwekea akiba anunue friza ndogo, auzie watoto wa shule barafu za ukwaju.

"Yako itawaka ya ngapi?" Mzee anamchokoza.

"Ya mwisho, Mzee. Mpakuaji hula mwisho." Anakunja kanga nyekundu, anaiweka kwapani. "Lakini yeye ndiye anayejua kilichobaki sufuriani."