Kiingereza cha Koko

Siku yangu ya kwanza kufundisha watu wazima niliingia darasani na chaki mpya, sketi iliyopigwa pasi na ujinga mwingi. Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa mjini Kajiado, na wengi wa wanafunzi walikuwa wa umri wa wazazi wangu. Kitabu kilianza na swali la jina, basi nami nikaanza na jina. Nikamnyooshea kidole mzee mmoja mwenye shuka nyekundu na koti juu yake, nikamwambia asimame ajibu: "What is your name?"

Mzee akaitazama fimbo yake. Mwishowe mama mmoja akanionea huruma, akasema, "Mwalimu, huyo ni mtu mzima. Huwezi muita jina kama mtoto ametumwa dukani. Huyo ni baba ya Sironka."

Mimi nilikuwa nimeolewa huku kutoka Murang'a, na Kimaasai changu kilikuwa cha salamu tu. (Hata leo hakijaenda mbali, na majirani hawachoki kunicheka.) Sikujua kwamba mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, na kwamba nilikuwa nimemvua mzee wa watu heshima mbele ya wake za watu. Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, mtu mrefu aliyekohoa kwanza kila alipotaka kukukaripia, aliniita ofisini kwake.

"Mwalimu," akasema, "mtoto unamfundisha asichojua. Mtu mzima unamfundisha kile atahitaji kesho asubuhi. Muulize kwanza anaenda wapi na hicho Kiingereza."

Tangu siku hiyo nikawa nauliza. Bawabu alitaka kumwambia mgeni aweke sahihi kitabuni bila kuonekana anagombana. Dada wa kiwanda cha nguo alitaka kumweleza msimamizi kwamba cherehani yake imekwama, si yeye aliyelala. Nilizungushwa Mashuuru, nikapelekwa Matasia, nikarudishwa Kajiado, na kote nilifundisha kwa njia ileile tuliyoiita zoezi la kurudia: mwalimu anasema sentensi, darasa linaitikia, mwalimu anabadilisha neno moja, darasa linaijenga upya. Anayepita nje hudhani ni kwaya mbovu. Lakini ulimi wa mtu mzima ni mgumu kama ngozi kavu, haulainiki bila kusuguliwa.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa Kitengela, katika chumba cha kukodi juu ya duka la hadiwea. Mkuu wa Kituo alikuwa mwalimu mstaafu wa sekondari, mtu wa haki, lakini aliyeamini mtalaa kama Maandiko. Muhula wa kwanza ni wakati uliopo: nakula, nafanya kazi, naishi. Wakati uliopita, yaani mambo ya jana na juzi, ni muhula wa pili. Ole wako uruke.

Ndipo akaja Koko. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na darasa zima lilimwita hivyo, nami nikadhani ni mapenzi tu. Alikaa nyuma, shanga zake zikilia kidogo kila alipoinama kuandika. Nilipomuuliza aitwe nani kwenye rejista, aliangalia dirishani. Nikafikiri ni aibu. Kumbe nilikuwa nimetonesha kidonda. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mama wa binti yake wa kwanza, na binti huyo alikuwa amefariki. Wengi siku hizi hawafuati tena mwiko huo, lakini yeye aliufuata: jina la aliyekufa halitamkwi. Kwa hivyo jina lake mwenyewe nalo lilikuwa limezikwa.

Haya alinieleza mkwewe, mume wa marehemu, kijana mhasibu aliyekuwa akimlipia bodaboda. Alinisubiri chini ya ngazi jioni moja, Koko akiwa ameshaondoka.

"Mwalimu, niko na msichana mdogo, Naserian. Mimi na mamake tulimlea na Kiingereza pekee, tukidhani tunamsaidia na shule. Sasa anaishi na nyanyake hapa mjini. Mmoja anaongea Kimaasai, mwingine Kiingereza. Kiswahili chao wote ni cha kuomba maji. Mtoto ameacha kuongea. Hata chakula anaacha."

"Na wewe baba, si uwatafsirie?"

Akatikisa kichwa. "Huyo ni mama mkwe. Siwezi kaa na yeye chumba kimoja tuangaliane. Nikimsalimia, nasimama nje ya mlango. Na hata ingeruhusiwa, Mwalimu, nikianza kuongea juu ya mke wangu, nashindwa." Akatazama barabarani. "Muhula ujao wa shule nitampeleka bodingi. Pengine kati ya watoto wengine atapona."

"Koko anajua?"

"Anajua. Ndio maana amekuja kwako."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Bodingi, mtoto wa miaka sita aliyefiwa na mama! Kesho yake nilimbakisha Koko baada ya kipindi, nikamuuliza swali langu la siku zote: Kiingereza hiki unaenda nacho wapi?

Alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole. "Usiku mtoto anauliza. Nasikia 'mummy', 'mummy', ingine sisikii. Nataka niambie yeye mamake alikuwa vipi. Wewe kila siku unafundisha 'I eat', 'I eat'. Mimi sitaki kula. Nataka ya zamani."

Muhula wa pili ungemkuta Naserian akilala kitanda cha bodingi. Basi nikaufunga mtalaa. Jioni iliyofuata nililiambia darasa ukweli, kwa ruhusa ya Koko, kisha nikaandika ubaoni: Your mother liked milk. Mama yako alipenda maziwa. Nikasema, wakaitikia. Nikabadilisha neno, wakabadilisha. Your mother liked songs. Your mother liked rain. Bawabu, aliyekuwa na sauti ya kufukuza fisi, aliipunguza hadi ikawa ya kubembeleza. Dada wa kiwandani alirudia huku akijifuta macho kwa leso. Koko alisema peke yake mwishoni, akakosea, akarudia, na hakuna aliyecheka. Nimefundisha maisha yangu yote na sijawahi kulipenda darasa kama nilivyolipenda lile jioni ile.

Mkuu wa Kituo alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Huu ni ukurasa gani, Mwalimu?"

"Haiko kitabuni, Mkuu."

"Unaezeka paa na ukuta haujasimama."

"Mvua imeshaanza kunyesha, Mkuu, na kuna mtoto ndani."

Alimtazama Koko, akautazama ubao. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji. "Ukimaliza, futa ubao vizuri," akasema, akaenda zake. Sikuulizwa tena juu ya kurasa.

Wiki zile Koko aliniletea sentensi badala ya mimi kumpa. Binti yake alikuwa akiogopa ndama. Aliwahi kulala nyuma ya vibuyu vya maziwa akitafutwa boma zima. Alikataa kunyolewa, akakimbia na nusu ya nywele. Nilimpa maneno, akayabeba nyumbani.

Halafu akaacha kuja. Shule zilikuwa zimefungwa, na nikasikia amempeleka mtoto kwake Mashuuru. Siku zikapita bila neno. Mimi mwenyewe nilikuwa ukingoni mwa kustaafu, na niliogopa kuondoka nikiwa sijui. Mwenye shida haoni haya: nikapanda gari, nikaenda.

Nilimkuta mkwe nje, mbali na nyumba, ameegemea ua wa ng'ombe huku amegeukia upande mwingine, kama adabu inavyotaka. Alinisalimia kwa sauti ya chini. "Sikiliza," akasema.

Ndani kulikuwa na sauti ya mtoto. Ilikuwa ikisema na kusema, bila kupumua, na haikuwa Kiingereza.

"Nyanyake alimwambia zile hadithi na Kiingereza chake," akasema. "Naserian akacheka, akaanza kumsahihisha. Kisha akauliza, mummy alikuwa anasemaje hiyo kwa lugha yenu? Tangu hiyo siku hawanyamazi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Bodingi nimeachana nayo."

Koko alinipokea kwa mikono miwili, akaniketisha, akanipa chai ya maziwa. Msichana alikuja akainamisha kichwa mbele yangu, kama watoto wa huko wanavyowasalimia wakubwa, nami nikamgusa utosini. Nilimwambia Koko kwamba ninastaafu. Hakujaribu Kiingereza hata kidogo, mkaidi yule. Alisema kwa Kimaasai, na mtoto akanigeukia.

"Koko says you worked hard. Now sit down and rest."

Nimepewa hotuba ndefu za kustaafu tangu siku hiyo, na saa ya ukutani, na keki. Hakuna iliyonitosha kama ile. Vijana mnaoingia kazi hii hunifuata mniulize mbinu, na mimi nawaambia habari za zoezi la kurudia, kwa sababu hilo ndilo ninaloweza kuwaeleza.

Kabla sijanyanyuka, Naserian alimwambia nyanyake jambo refu. Katika jambo lote nilishika neno moja tu, yieyo, mama. Koko akacheka hadi shanga zikatikisika, akamjibu, wakacheka wote wawili, na mimi nimekaa hapo na kikombe changu sijui lolote.

"Amesema nini?" nikamuuliza mtoto.

Naserian akamwangalia nyanyake, akaniangalia mimi, akafikiri.

"Sorry, Teacher," akasema kwa upole. "That one is ours."