Kofia ya Mjomba

Mzungu mwenye pikapu alitaka paa lishushwe, gari lionekane la mbio. Fundi wa kulikata nilikuwa mimi, karakanani kwetu Temeke. Kwanza nilimketisha dereva wake, mjomba wangu, kwenye usukani ili nipime paa liishie wapi juu ya kichwa. Mjomba akakaa na kofia yake ya viua, ile ngumu ya kudariziwa, mapajani, maana bwana alikuwa amesimama palepale, na mbele ya bwana ilikuwa lazima uvue. Nami, mjinga mkubwa, nikapima kichwa kitupu, nikakata, nikachomelea.

Kesho yake mjomba akapanda amevaa kofia. Ikagonga bati, ikamshukia puani. Mzungu yule, mshenzi, alicheka hadi machozi yakamtoka. Nikamwomba nilipandishe paa kidogo.

"Liache," akasema, "limependeza."

Mjomba hakukubali kupita mjini kichwa wazi kama mfungwa. Akaendesha miaka na miaka amevaa kofia yake, shingo ameipinda. Hata alipokufa, shingo ile haikunyooka. Tulipomwosha, mimi ndiye niliyekishika kile kichwa, kitupu kama siku ile niliyokipima.