Mfu Aliyeomba Maji ya Miguu

Niseme mapema kwamba sijui Kijapani. Sikijui leo, na sikukijua mwaka ule nilipokaa kwenye stuli pembeni ya runinga ya shangazi yangu, pale Mbuchi, nikawatafsiria watu filamu nzima ya Kijapani tangu mwanzo hadi mwisho. Nao walijua kwamba sikijui, maana wameniona tangu natambaa. Lakini filamu ile haikuwa na maandishi chini, wala sauti ya wale watafsiri wa Dar es Salaam, na watu walikuwa wameshajaa kibandani wanapiga miluzi. Ilibidi mtu aseme kitu. Na mimi, kwa bahati mbaya yangu, sijawahi kukosa la kusema.

Shangazi ni dada wa baba yangu, na kibanda kilikuwa chake. Ni kibanda umiza, cha kuonyeshea filamu, kama vingine vyote: mabenchi yasiyo na egemeo, madirisha yamezibwa kwa turubai, joto la kumkinaisha mtu maisha. Yeye alionyesha mchana, baada ya swala ya adhuhuri, kwa sababu betri ya sola ilikuwa imechoka na jua likianza kushuka na picha nayo inashuka. Filamu zilitoka Kibiti, zimejazwa kwenye flashi na kijana ambaye hajali anachojaza. Hiyo ya Kijapani ilijitokeza katikati ya filamu za ngumi, haina jina, ina namba tu.

Sikuwa nimekwenda Mbuchi kwa ajili ya filamu. Nilikwenda kumchukua mama. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha chekechea Kibiti, nimepanga vyumba viwili mahali pa juu, pasipofika maji, na nilitaka mama ahamie kwangu kabla masika hayajarudi. Nyumba yetu ya Mbuchi ilikuwa na alama ya maji ukutani, juu ya dirisha. Kila mtu mwenye akili aliiona alama ile akaelewa. Mama aliiona akaipaka chokaa.

Hakutaka kuondoka kwa sababu ya baba. Miaka mitatu nyuma, mto ulipofurika, baba alikuwa amevuka ng'ambo kwenye dungu, yaani kile kibanda cha nguzo ndefu tunachojenga shambani ili mtu akae juu alinde mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yalipanda usiku kucha na mchana wake. Watu walipofika na mitumbwi, dungu halikuwepo, na mahali lilipokuwa hapakujulikana. Walimtafuta siku tisa. Mto haukurudisha hata shati.

Wazee walikaa wakaona amekufa, wakamswalia swala ya ghaibu, wakamwambia mama aingie edani, miezi minne na siku kumi, kama mjane yeyote. Mama akawauliza nani amemwosha. Nani amemvisha sanda? Kaburi liko wapi? Kisha akachukua jembe lake akaenda shambani. Tangu siku hiyo hakuwa mke na hakuwa mjane. Ukimwambia habari ya kuhama anakuuliza jambo moja tu: akirudi, atanikuta wapi?

Kwa hiyo nilikwama. Likizo yangu ilikuwa ndefu, mama ni mbishi, nami binti yake nimerithi ubishi huohuo. Mchana nilimsaidia shangazi kibandani ili nisikae nyumbani tunanuniana.

Sasa filamu yenyewe. Ilikuwa filamu ya wafu wanaofufuka na kula watu, mazombi, lakini ya mtu maskini. Aliyeshika kamera alitetemeka kama ana homa. Damu ilikuwa nyekundu ya juisi ya rozela, na kuna mahali ilimdondokea mfu mdomoni akailamba kwa raha. Waigizaji hawakuzidi kumi. Mfu mmoja wa shati la mistari aliuawa kwa jembe, akauawa kwa gari, halafu akatokea tena nyuma ya mti amevaa kofia, na kibanda kizima kikamkaribisha kwa makofi.

Ilipokwisha, hakuna aliyetoka. Watu wa Mbuchi hawaangalii filamu ili waondoke, wanaangalia ili wapate la kubishania.

Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Dar alisema hii muvi ya kuungaunga, bajeti imeishia kwenye mswaki wa kupakia damu. Mwanamke mmoja aliuliza mbona yule mfu wa kwanza ana saa mkononi, na mbona ameitazama, anawahi wapi? Mvuvi wa kamba, mtu mpole asiyesema ovyo, alitoa hoja kwamba wafu wale wasingefika popote huku kwetu. Tope la mikokoni lingewashika magotini kwenye kijito cha kwanza, maji yakijaa wangekufa mara ya pili.

Mwalimu wa madrasa naye alikuwepo. Alidai amekuja kuona vijana wanaangalia nini, lakini alikaa benchi la mbele. "Tatizo la hawa ni mazishi," alisema. "Mtu akioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, akasomewa talakini yake, anainuka kwenda wapi? Hawa wamezikwa na suti. Lazima wasumbue."

Aliyekasirika hasa alikuwa mzee mmoja mkulima. Watu katika filamu walikimbizana ndani ya shamba la mpunga ulioiva, masuke yameinama, tayari kuvunwa, na kila walipopita waliulaza chini. Yeye wala hakuona mfu hata mmoja, aliona mpunga tu. "Mpunga ule wa nani?" alipiga kelele. "Hata dungu halina shamba lile! Ndege wanakula, watu wanakanyaga, na mwenyewe yuko wapi?" Tukamweleza kwamba huenda mwenye filamu ameazima shamba la mjomba wake. Akasema basi huyo mjomba ndiye wa kuhurumiwa.

Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma. Sijacheka vile tena, na nikiikumbuka sauti ya watu wale wakigombana juu ya wafu wa uongo, natamani kurudi kwenye benchi lile kwa saa moja tu.

Lakini kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakuna aliyekicheka. Mwanamke kajifungia ndani ya nyumba ya mbao. Mume wake, ambaye tumeshamwona akifa, anatokea shambani kwa mbali, anatembea polepole kwenye majaruba, matope hadi magotini. Anafika mlangoni. Hagongi wala hakwaruzi kama wenzake. Anasimama tu, halafu anasema maneno machache kwa sauti ya chini. Kibanda kizima kilingoja nitafsiri, nami sikuwa nimejiandaa. Nikasema: "Hodi, mwenye nyumba. Nina matope mie. Nipe maji ya miguu."

Hayo yalikuwa maneno ya baba. Kila alipotoka shambani alisimama nje akayasema hivyohivyo, hata kama maji yapo pale karibu na angeweza kuyachukua mwenyewe. Mama alitoka na kopo, akamlaumu kwamba ana mikono, akammiminia. Sikukusudia kumwingiza baba kwenye filamu ya mazombi. Mdomo wangu ulitafuta mtu mwenye matope mlangoni, ukampata huyo.

Kisha mwanamke wa kwenye filamu akajibu kwa ukali, nikamfanya aseme: "Toka! Wewe si mume wangu, wewe ni mzoga!" Watu wakashangilia. Shangazi tu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakushangilia. Alinitazama kidogo, akaenda kuangalia betri.

Mbuchi si mji mkubwa. Kesho yake asubuhi, kisimani, mama aliambiwa kwamba kuna mfu wa Kijapani kwa wifi yake anaomba maji ya miguu.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Hakuinua macho.

"Yule mtu alisema nini?" akaniuliza.

"Mama, mie sijui Kijapani. Nilitunga tu."

"Hukutunga. Yale ni ya baba'ko."

Ungo ulikwenda juu na chini.

"Na mkewe alimjibu nini?"

Nilitaka kumdanganya, ila mama hadanganyiki. Nikamwambia nilichosema. Akaacha kupepeta, akatoa kokoto moja kwenye mchele, akaitupa.

"Kwa hiyo ukamfukuza baba'ko," alisema. "Mbele za watu."

Sijawahi kupigwa na mama, lakini siku ile nilijua kupigwa kunavyokuwa. Niliomba radhi, nikaapa kwamba filamu ile haitaonyeshwa tena, nitaifuta kwenye flashi mwenyewe.

"Usiifute," alisema. "Alhamisi ni siku ya wanawake kibandani. Nitakuja kuitazama."

Mama hakuwa amewahi kukanyaga kibandani. Alhamisi alikuja na buibui lake la kuendea harusini, akakaa kwenye mkeka karibu na ukuta, na wanawake wakamsogelea pande zote mbili. Mie nilikaa kwenye stuli yangu. Nilitafsiri vibaya kuliko mara ya kwanza. Mfu wa kofia alipotokea walicheka, na mama naye alicheka kidogo, nikaona jino lake lenye ufa ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi.

Ndipo yule mume akatokea mbali shambani. Nilimwona mama akiweka mikono yote miwili mapajani. Mtu yule alitembea, na kwa mara ya kwanza niligundua jinsi kipande kile kilivyo kirefu, na jinsi mwigizaji yule maskini, sijui ni nani wa nani huko kwao, alivyotembea kama mtu aliyechoka kweli. Akafika mlangoni. Akafungua mdomo, akasema yake.

Nikavuta ukaya wangu, ule mtandio wa kichwani, nikajifunika uso.

"Tafsiri, mwanangu," mwanamke mmoja alisema kwa upole. Mwingine akasema tafsiri basi. Mie nilikuwa nalia, mtu mzima wa miaka ishirini na minne.

"Anaomba maji ya miguu," mama akasema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia.

Kwenye runinga mke alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo wake wote. Akasema kile ambacho mimi nilikifanya matusi. Mama alimtazama sana mwanamke yule. Kisha akatutafsiria.

"Anasema, maji yamekwisha, mume wangu. Anasema, nimekungoja mpaka hapa. Nenda. Nimekuridhia, na wewe uniridhie."

Mama akainuka, akajifunga buibui, akapita kati ya wanawake, naye shangazi akamfungulia turubai la mlango. Nilitaka kumfuata, shangazi akanizuia kwa mkono. Filamu iliendelea yenyewe, wafu wanalaza mpunga wa watu, bila mtafsiri.

Asubuhi ya Ijumaa mama aliniita chumbani. Alikuwa ametoa hereni zake na bangili, amejifunga kanga mbili zilizopauka, amekaa kwenye mkeka. Akaniambia nikamwite wifi yake. Alisema anaingia edani leo, na akitoka, tutakwenda Kibiti, na nimwachie yeye habari ya kufungasha vyombo kwa sababu mimi nafunga ovyo.

Mwalimu wa madrasa aliposikia alikuja mpaka mlangoni, akasema kwa adabu kwamba kwa hesabu ya sheria eda ile ilikwisha pita zamani. Shangazi alimtokea akiwa na mwiko mkononi. "Hesabu ya wifi yangu inaanza leo," alimwambia. "Kama una yasini, ingia uisome. Kama huna, kuna kazi ya kuni." Akaingia, akasoma.

Wanawake walikuja kutwa nzima na vikapu vya mchele, wakajaa chumbani mpaka ukumbini. Kila aliyeingia alimshika mama mkono akamwambia yale maneno ambayo mjane huambiwa, ambayo alikuwa hajawahi kukubali kuambiwa. Naye akamwitikia kila mmoja. Alasiri, shangazi alipomkumbatia, mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, sauti nzito ambayo hata mimi mtoto wake sikuijua, na wenzake wakalia naye.

Mimi nilikuwa uani nasonga ugali wa wageni, nikaacha mwiko nikasikiliza. Nilimfurahia mama yangu, Mungu ni shahidi. Miaka mitatu nilikuwa nimemsukuma akubali kwamba baba amekufa, nimemkasirikia, nimemwona mjinga. Sasa alikuwa amekubali, na nyumba nzima ilikuwa imekubali pamoja naye. Nilijaribu na mimi kulisema, kwa kunong'ona, peke yangu pale jikoni: baba amekufa. Sikuweza. Mama alikuwa ameacha kumngoja, na aliyebaki akimngoja ni mimi tu.